Uhuru Ulitukuta Katika Majilio

Uhuru ulitukuta katikati ya Majilio, na katekista wetu pale Pasiansi alikasirika kana kwamba serikali ilipaswa kumwomba ruhusa kwanza. Majilio ni kipindi cha kukesha, alitufundisha, si cha ngoma. Mkatekumeni atakayeonekana akicheza siku ile hatabatizwa Krismasi. Mimi nilikuwa mmoja wa hao waliongoja kubatizwa, na gauni langu jeupe la amerikani mama alikwishalishona, liko sandukuni.

Lakini nilikuwa na baba. Baba hakuwa Mkristo wala hakutaka kuwa. Maisha yake yote alibeba marobota ya pamba, akiitwa boi na vijana wa umri wangu, na siku hiyo aliingoja tangu sijazaliwa. Tulipoiona bendera mpya uwanjani alinishika mkono akaanza kucheza huku machozi yanamtoka. Nisimame pembeni nimekunja mikono? Nilicheza mpaka gauni nililovaa likajaa matope. Siku ile ndipo nilipoelewa kukesha ni nini. Baba alikuwa macho miaka yote hiyo, na alichokingoja kilipofika hakikumkuta amelala.

Kesho yake, Jumapili, katekista aliniita mbele ya wenzangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikwishaambiwa. Akasema jambo lenyewe ni dogo: nikiri tu kwamba nimekosa, nitabatizwa na wenzangu.

Niliutaka ubatizo ule, nao uoga ulinishika, sifichi. Lakini kukiri kosa kungekuwa kusema baba alikosa kulia.

"Sijakosa, Mwalimu," nikasema.

"Basi utasubiri Pasaka. Na Krismasi usiingie kanisani."

"Nitasubiri. Si ndicho ulichotufundisha?"

Aliendelea na somo, nami nikakaa mahali pangu.

Krismasi wenzangu waliingia na nguo zao nyeupe. Nilisimama nje chini ya dirisha, manyunyu yakinilowesha. Sikulia, maana hasira ilikuwa imenijaa. Nyimbo zilipoanza nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu. Alikuwa baba, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga kiwanja cha kanisa, amevaa koti alilolivaa siku ya uhuru. Nikamwambia arudi nyumbani, misa ni ndefu.

"Kungoja nimezoea, mwanangu," akasema, akavua kofia, akasimama kando yangu mpaka watu walipotoka.