Nusu Nyingine ya Ukurasa

Bucha ya Dagoretti tulikonunua matumbo ilifungia nyama kwenye gazeti la zamani. Mama hakulitupa. Alilianika kwenye kamba, kisha mimi, kifungua mimba wake, nikamsomea akipika, kwa sababu ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kumfifisha macho.

Jumamosi moja nyama ilikuja na ukurasa wa afya. Nilimsomea habari za mzee mwenye sukari aliyekunywa maji ya bamia, akaacha sindano za insulini kama zile za mama, akasema yuko mzima.

"Rudia hapo," mama akasema.

Nikarudia. Habari iliishia hapo. Muuza nyama alikuwa ameuchana ukurasa katikati, na nusu ya chini ilienda na nyama ya mtu mwingine.

"Basi imeandikwa gazetini," mama akasema. "Gazeti si mdomo wa jirani."

Akaacha sindano. Wiki chache baadaye tulimpeleka hospitali, upande wa Upper Hill, na hakurudi. Baba alikuwa ametangulia. Niliacha shule darasa la saba, nikauza sukuma wiki, nikalea wadogo zangu watatu. Kile kipande cha gazeti nilikiweka.

Mwaka jana kitinda mimba wetu, anayefanya kazi za nyumbani Spring Valley, naye alipatikana na sukari. Juzi akanitumia ujumbe kwa simu: kunywa maji ya bamia, tupa sindano. Nikampigia.

"Nani ameandika hii?"

"Sijui, Dada. Imekuja tu kwa grupu ya kanisa. Lakini watu wengi wanasema inasaidia."

"Usiache sindano mpaka nije."

"Wewe na gazeti zako za nyama!" akacheka.

Asubuhi iliyofuata nilienda maktaba moja ya katikati ya jiji nikiwa na kipande changu. Tarehe ilikuwa bado inasomeka juu. Karani akaniletea magazeti ya mwezi ule yaliyojalidiwa pamoja, na ukurasa ulikuwemo, mzima. Chini ya maneno ya mzee, mwandishi alikuwa amemtafuta tena na kumkuta amelazwa hospitalini. Alikuwa amemuuliza daktari pia. Bamia ni chakula, daktari alisema. Asiyeweza kuishi bila sindano asiiache.

Nilisoma kwa sauti ya chini, pole pole, kama nilivyomsomea mama. Nilipofika mwisho nikangoja aniambie nirudie.

Jioni nilimpelekea mdogo wangu nakala. Aliisoma yote akiwa amesimama.

"Sasa Dada, mbona hii ya daktari wameiweka huko chini?"

Akatoa dawa kwenye chungu cha maji anamoihifadhia isipate joto, akajidunga tumboni, akaketi.

Swali hilo ndilo ningetamani kuulizwa na mama, jikoni kwetu, nikiwa na karatasi nzima mkononi.