Skrubu Moja, Magego Mawili

Katika karakana ya meno bandia walimwita Unywele, na jina hilo hakuliokota njiani. Jino likizidi kimo kwa unene wa unywele mmoja, alilirudisha mezani. Wenzake walisonya, wakamwambia mgonjwa hatajua. "Mgonjwa hatajua," aliwajibu, "ila mfupa wake utajua." Alikuwa mjuaji, tena mjuaji wa kuudhi, na ubaya wa wajuaji wa namna hiyo ni kwamba mara nyingi husema kweli.

Somo lake lilikuwa moja, na alilihubiri hata kwa mfagiaji. Jino la kuzaliwa nalo, alisema, halikugandamana na taya. Katikati pana utando mwembamba, hivyo ukiuma kitu kigumu jino hubonyea kidogo. Skrubu ya kupandikiza, ile inayofungwa tayani ili ibebe jino bandia, haina utando. Imeshikana na mfupa wenyewe, na kila uzito unaoitwika inausukumia mfupani, hasa pale shingoni inapochomoza. Mfupa ukielemewa haupigi kelele, unarudi nyuma polepole. Kwa hiyo kila kitu kinataka kipimo: skrubu iwe nene kiasi gani, iwe ndefu kiasi gani, zipandwe ngapi, na jino la juu yake liwe pana kiasi gani.

Sasa bwana huyo mwenye mdomo wa kuhubiri, siku ilipofika ya kusema neno moja tu, aliuchuna.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Daktari mmoja wa meno, ambaye karibu nusu ya kazi za karakana zilitoka kwake, alileta sanamu ya plasta ya taya la chini, picha ya eksirei na fomu ya mpango. Kabla mgonjwa hajatobolewa taya, fundi alitakiwa kuutazama mpango na kuandika maoni yake chini ya fomu. Asiye na pingamizi alichora mstari mfupi, basi. Unywele akasoma jina la mgonjwa. Alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na aliyefua nguo za watu miaka nenda miaka rudi ili yeye asomee ufundi huu.

Akausoma mpango, hasira zikampanda. Magego mawili ya nyuma yalikuwa yamepotea, na skrubu iliyopangwa ilikuwa moja. Moja, tena nyembamba na fupi! Gego la kwanza likae juu yake, la pili lining'inie nyuma bila mguu. Kila dada atakapotafuna, lile la kuning'inia litaielemeza skrubu upande, kama mtu anayekalia ukingo wa benchi lenye mguu mmoja. Zilitakiwa mbili, na nene. Akashika kalamu.

Mwenye karakana alikuwa akipita nyuma yake, akaona fomu ni ya daktari gani.

"Unywele, mwaka jana ulimsahihisha, akatususa miezi miwili. Watu wawili wakaachishwa kazi hapa. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi usimfundishe daktari udaktari."

Unywele akachora mstari mfupi. Ndiyo, aliuchora. Akajifariji kwa faraja mbovu ya mafundi hodari: mikono yangu itarekebisha. Wiki nzima alilichonga lile gego la kuning'inia, akalifanya jembamba, akalipunguza kimo ili jino la taya la juu lisiligonge. Dada alipowekewa alikuja moja kwa moja karakana, akacheka mdomo wazi, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka sita. "Mikono ya mdogo wangu hiyo!" akawatangazia mafundi wote. Wakampigia makofi, na Unywele akainama kutafuta patasi ambayo haikuwa imeanguka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe huu haukujengeka. Mwaka wa kwanza, picha ilionyesha mfupa umeshuka kidogo shingoni mwa skrubu. Mwaka wa pili ulikuwa umechimbika kama kikombe. Mwaka wa tatu skrubu ilianza kucheza, na ilipotolewa iliacha shimo ambamo skrubu nyingine isingeshika.

Unywele alimsindikiza dada yake kliniki. Daktari aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Mama, mifupa yako ni laini. Hutokea."

"Labda ni mimi, daktari," dada akasema, kama anayeomba radhi. "Pengine nilitafuna ovyo."

"Usijilaumu. Ni maumbile tu. Au sivyo, fundi?"

Wote wawili wakamgeukia.

"Mifupa hutofautiana," Unywele akasema. Mungu amsamehe, maana mimi msimuliaji bado sijaweza.

Likabaki moja la kufanya, meno ya kuvaa na kuvua. Dada akakataa kwenda kwa mwingine yeyote. Akaja karakana, akaketi, na Unywele akaanza kukoroga unga wa kuchukulia kipimo cha taya. Akakoroga, mara akaacha.

"Dada, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba skrubu moja isingebeba. Niliuona mpango kabla hujatobolewa. Nikanyamaza."

Dada hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Daktari alinipa njia mbili," akasema. "Skrubu mbili, ila kwanza niongezewe mfupa, nisubiri miezi. Au hii moja, upesi. Nikamwambia, mimi haya siyajui, lakini ndugu yangu anayajua. Mpelekee hii moja. Akiikataa, nitasubiri hata mwaka. Daktari akarudi na fomu, akanionyesha pale chini. Akaniambia, ndugu yako hana neno. Ndipo nikalala kwenye kile kiti."

Miaka yote Unywele alidhani alinyamaza mbele ya daktari. Kumbe aliyekuwa akisubiri jibu lake ni dada.

Unga ulikuwa unaanza kuganda bakulini. Dada akaegemeza kichwa nyuma.

"Haya, fundi," akasema. "Fanya kazi yako."

Tangu azaliwe, Unywele hakuwahi kusikia dada yake akimwita hivyo.