Gaju Anarudi kwa Nzabandora

Redio ya jirani ilikuwa imeanza tena ile mambo ya Kinshasa. Depite mmoja, wale wa bunge, alitaka sheria ya kufunga michezo ya pari, ile kamari ya kwenye telefone, ile ambayo wenyewe wako ng'ambo na hawana hata ofisi moja huku. Mwingine alimujibu kwamba vijana watakosa hata kile kidogo cha kutumainia. Aurélie, mutoto wake Prince mugongoni, alikuwa anamupa ng'ombe wao Gaju majani mabichi, na alisikiliza kwa sikio moja tu. Gaju alikuwa na mimba nzito, karibu kuzaa.

Ng'ombe huyu walipewa na baba yake Aurélie, muzee Nzabandora, Prince alipozaliwa, ili mutoto asikose maziwa. Ndivyo inavyofanywa kwenye ile milima. Lakini nyumba ikimutumia vibaya, aliyemutoa anaweza kuja kumufungua kamba na kurudi naye. Ni haya kubwa, na watu hawaifanyi ovyo.

Siku ile Samy alipanda mupaka kwao. Samy ana kibanda sokoni Kashuga. Anakopesha vijana feza ili wacheze pari.

"Mama Prince, hujambo?" alisema, macho yake kwenye tumbo la Gaju. "Atazaa lini?"

"Umekuwa munganga wa ng'ombe sasa?"

"Ni ndama yangu njo naangalia. Papa Prince hakukuambia alinipa kwa deni yake ya pari? Depite wakifunga huu muchezo, watu watanikimbia. Kwa hiyo kila mutu anilipe mbele. Gaju atazalia kwangu, nitakuja kumuchukua nyuma ya misa."

Aurélie akamugeuzia mugongo. Akaendelea kumupa Gaju majani.

Valens, bwana yake, alirudi kutoka Pinga na pikipiki yake, ile moto, imejaa matope. Aurélie alimupakulia bugali na maharagi, akangoja ale kidogo.

"Samy alikuja kuangalia ndama yake."

Mukono wa Valens ulisimama kwenye sahani. "Nitaikomboa. Jumapili timu yangu inacheza nyumbani, haiwezi kupoteza."

"Na kule Kinshasa wakifunga ile pari?"

"Wafunge nini! Ni siasa tu. Waache wagombane."

Hakuwa mutu mubaya, na hiyo njo ilikuwa inamusumbua Aurélie. Prince alipougua malaria, huyu huyu alimubeba mupaka hospitali ya Masisi chini ya mvua, akamufunika na koti lake, yeye mwenyewe akatetemeka njia nzima. Sasa alikuwa ameuza kitu ambacho hakijaona jua.

Asubuhi akashuka kwa baba yake.

"Amekupiga?" aliuliza Nzabandora.

"Hapana, Papa."

"Ana mwanamuke mwingine?"

"Hapana. Uje umuchukue Gaju."

Muzee alimuangalia sana. "Unajua vile watu watasema?"

"Najua. Lakini mimba yake imekwisha kuuzwa, kwa sababu ya ile pari ya telefone. Akibaki kwetu, atauzwa na yeye."

Nzabandora alichukua fimbo yake, akapanda kumufungua Gaju kamba.

Samy alipopanda nyuma ya misa, alikuta kamba tupu kwenye muti, na Valens amekaa pembeni yake.

"Ng'ombe iko wapi?"

"Kwa mwenye alimutoa," alisema Valens pole pole.

"Na wewe ulikuwa unaniuzia nini? Kivuli?"

Majirani walicheka. Valens hakucheka. Wakapatana Valens abebe mizigo ya kibanda cha Samy kwa moto yake, bila bei, mupaka deni iishe. Kesho yake akamuuliza Aurélie: "Ulishindwa kuniambia kwanza?"

"Nilikuambia. Ukasema niwaache wagombane."

Gaju alizaa ndama jike, mwekundu kama yeye. Sasa ni Valens njo anashuka kila asubuhi kuomba maziwa ya Prince, mbele ya wote wenye kwenda mashambani. "Papa Prince, umekuwa muchungaji?" wanamutania. Anawasalimia na kuendelea. Siku za kwanza alikuwa anatembea na telefone mukononi. Asubuhi moja Aurélie aliiona imebaki nyumbani, juu ya gunia la muhogo, inatetemeka peke yake. Akaiacha hapo. Akamufunga Prince mugongoni na kumufuata bwana yake.

Nzabandora alikuwa anamwaga maziwa kwenye kidumu.

"Wamefunga ile pari, kule Kinshasa?" aliuliza.

Valens alipapasa mufuko, akakuta hamuna kitu. "Sijui, Papa. Leo sijaangalia."

Muzee akajaza kidumu mupaka juu, kisha akamupa kamba ya ndama ashike kidogo.