Koti la Marehemu Ewald

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Bethuel ni kwamba alibisha hodi kwenye droo. Nilikuwa nimeketi sebuleni kwake, mtaa wa Great Barr jijini Birmingham, kikombe cha chai mkononi, naye akainama mbele ya kabati, akagonga ubao kwa kidole, akasubiri kidogo kama mtu aliye mlangoni pa jirani, kisha ndipo akaivuta, akatoa vitabu viwili chakavu. Mkewe, Mama Roselyne, hakuinua hata uso. Aliendelea kukata sukuma wiki.

Mzee Bethuel ni mtu wa Kakamega. Tangu ujanani alisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali za Birmingham, na sasa amestaafu. Wenzake wa kanisani hupenda mpira au siasa za nyumbani. Yeye humpenda askari mmoja wa Kijerumani wa Vita vya Pili vya Dunia. Alianza kwa bahati tu. Kwenye mnada wa Jumapili, Narendra, muuzaji wa vitu vya kale, alimuuzia kitabu cha mshahara, kile ambacho kila askari alikibeba mfukoni. Picha iliyomo ilimgusa: kijana mwenye masikio makubwa, jina lake Ewald, kazi yake kabla ya vita mwokaji mikate. Miaka mingi baadaye Narendra akampigia simu. Amepata kitabu kingine, cha utumishi, ambacho jeshi lilikitunza na kukipeleka kwa familia askari akifa. Jina lilikuwa lilelile. Masikio yalikuwa yaleyale.

"Kimoja kilitoka Leeds, kingine Ubelgiji," Mzee aliniambia. "Mwanangu, vitabu hivi vimenitafuta."

Aliniita kwa sababu nilisomea Kijerumani chuo kikuu, nami naweza kuusoma mwandiko wao wa zamani. Jumamosi baada ya Jumamosi tulimfuata Ewald, muhuri kwa muhuri: kambi ya mafunzo, kikosi cha waoka mikate, Poland, Ukraine, jeraha la mguu, hospitali, halafu bunduki na mstari wa mbele. Mzee alitaka kulitamka jina lake sawasawa. Kila jioni kabla ya chakula alilisoma lote kwa sauti, pole pole, mara mbili au tatu.

Wakati huo Beverly, binti yao, alikuwa amerudi kukaa nao. Ana mimba, na mumewe, Lennox, hufanya kazi baharini kwenye mitambo ya mafuta. Jumamosi moja aliteremka ngazi ameshika kiuno, akaketi, akasema ameota tena ndoto iliyomjia wiki nzima.

"It's that man, Mum. Anasimama tu mlangoni. Haingii, haondoki."

"Anavaa nini?" Mama Roselyne aliuliza.

"Koti. Kubwa sana, mikono imefunika vidole. Like it isn't even his."

"Labda ni ile pizza ya jana," Mzee alisema. Beverly alicheka. Mama yake hakucheka.

"Baba Beverly, nani amemwita mtu huyu hapa? Si wewe, kila jioni, mbele ya mtoto aliye tumboni?"

Mzee alijikuna shingo kama mwanafunzi aliyekamatwa. Kwao, marehemu anayetaka mtoto aitwe jina lake humjia mjamzito ndotoni. Jina la mtoto huyu lilikuwa limeshachaguliwa: Shikuku, la marehemu baba yake Mzee. Na jina la muuaji halipewi mtoto hata kidogo.

"Huyu alioka mikate," Mzee alisema.

"Mikate ya nani? Wale waliokula wakashiba walikwenda kufanya nini?"

Mimi mwenye shahada nilijua kwamba vitabu vile vinaonyesha mahali alipokuwa Ewald. Havisemi alifanya nini huko.

Alasiri hiyohiyo nilifungua kurasa mbili za kitabu cha mshahara zilizokuwa zimeshikana kwa unyevu tangu Mzee alipokinunua. Nilitumia mvuke wa birika na kisu cha siagi. Ndani mlikuwa na orodha ya nguo alizokabidhiwa. Niliusoma mstari wa mwisho, nikaurudia, kisha nikachukua kile kitabu kingine, cha utumishi, kulinganisha. Kitabu cha utumishi kilikuwa kimehitimishwa kwa muhuri: ameuawa vitani, Oktoba 1944. Lakini hapa, katika kitabu cha mfukoni, Ewald alipokea nguo Januari 1945. Muhuri upo, sahihi ya karani ipo.

"Alipokea nini?" Mzee aliuliza.

"Koti la baridi. Moja."

Mama Roselyne aliweka kisu chini. Beverly alijifunika kwa blanketi mpaka kidevuni. Nilisema haraka kwamba makarani wa vita walikosea sana, kwamba huenda tarehe moja si sahihi, na bado naamini hivyo. Lakini kurasa zile hakuna aliyekuwa amezisoma kabla ya ndoto.

"Sikilizeni," Mama Roselyne alisema. "Jina hilo lisisikike tena nyumba hii. Mtoto ni Shikuku. Akilia akikataa ziwa, tutaita majina ya marehemu wetu mmoja mmoja mpaka anyamaze; litakalomnyamazisha ndilo lake. La huyo halimo."

"Na asiponyamaza?" Mzee aliuliza kwa sauti ndogo.

"Muulize rafiki yako."

Mzee aliifunga droo. Wiki iliyofuata alinikabidhi vitabu vyote viwili ndani ya mfuko wa plastiki, nikavipeleka chumbani kwangu, Winson Green. Nimeviweka juu ya kabati. Sijavifungua. Ila nikiingia chumbani hujikuta nimebisha hodi.

Leo Beverly amepelekwa kujifungua. Mama Roselyne yuko naye, Lennox yuko njiani, nami nimekuja kumliwaza Mzee. Mvua inanyesha tangu asubuhi. Mara moja alisimama, akapita mbele ya kabati, mkono ukajiinua wenyewe kugonga, akakumbuka, akautia mfukoni. Droo ni tupu.

Punde simu ikalia. Mzee aliiweka kwenye spika ili nisikie.

"Bado kidogo," Mama Roselyne alisema. Nyuma yake mashine ilikuwa ikilia taratibu. "Mkunga anasema anaendelea vizuri."

"Mungu ni mwema. Na yeye Beverly?"

Mama Roselyne alishusha sauti.

"Alisinzia kidogo hivi. Anasema amemwona tena. Baba Beverly, safari hii ameingia. Amevua koti, amelitundika nyuma ya mlango, ameketi."

Simu ikakatika. Mzee ameiweka mezani katikati yetu, kioo juu. Midomo yake inacheza bila sauti. Nadhani anasema Shikuku, Shikuku. Chai imepoa. Tunasubiri kumsikia mtoto akilia, na kujua ni jina gani litakalomnyamazisha.