Supu ya Boga Isiyo na Dagaa

Vijana mtakaosoma haya, msifikiri supu bila nyama ni kazi ngumu. Boga, kitunguu, nyanya chungu mbili tatu, chumvi, basi. Ugumu uko kwenye mikono yetu tuliyoizoesha vibaya.

Mwanangu alimleta mchumba wake kutoka Bukoba mjini hadi kwangu Nshamba. Binti hali nyama wala samaki, na mimi nilitaka ashibe kwangu, asije akasema mama mkwe alimshindisha njaa. Nikachemsha boga mpaka likalainika, nikaliponda kwa mwiko. Nikatoka kukata jani la mgomba la kufunikia. Narudi, namkuta wifi yangu anakoroga.

"Umetia nini humo?"

"Dagaa kidogo tu, wifi. Si ilikuwa haina ladha?"

"Mgeni hali samaki!"

"Kumbe dagaa nao ni samaki?"

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaomba kisu, tukamenya boga la pili pamoja. Alikula mabakuli mawili. Ile ya dagaa alikula wifi.

Jioni ile nikawaambia wote nyumbani: asiyepika asiguse sufuria yangu, hata kuongeza chumvi.