Maji Yalikuwa kwa Baba Mkwe

Wenzangu, mmeniomba nieleze yaliyonipata ndani ya ndege. Nitayaeleza kama yalivyokuwa, na mtu asilie, maana mwenyewe nimesimama hapa mbele yenu.

Mimi ni Tusekile, binti wa wafinyanzi wa ufukweni. Nilikulia kwenye udongo na samaki, na jua sikuliogopa, kwa sababu vyungu havikauki bila jua. Kisha nikaolewa Busale, kwenye mpunga. Huko nikaukuta mwiko wa mkwe: mke hamtazami baba mkwe, hataji jina lake, hakai alipo yeye. Mkikutana njiani, unaingia majanini. Wenyeji huulegeza kidogo, hasa wale wanaosali kanisani. Mimi sikuulegeza hata kidogo. Mgeni akijifunza desturi hupitiliza, na nilitaka watu waseme binti wa wafinyanzi kalelewa.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Mume wangu alikuwa karani Dar es Salaam, na baba yake alikuwa ameanza kupoteza macho. Mume akaleta tiketi mbili za ndege, moja ya baba akatibiwe, nyingine yangu nimfuate yeye mume huko. Wanaume bwana. Alifikiria safari, hakufikiria viti.

Tulipanda Mbeya asubuhi. Ndege zile zikiwa chini hulaza mkia na kuinua pua, kwa hiyo ndani unatembea kama unapanda kilima. Mlango, choo na debe la maji vilikuwa nyuma. Baba mkwe aliketishwa huko huko, karibu na mlango, kwa sababu ya macho yake. Mimi nikapanda hadi kiti cha mbele kabisa, nikampa mgongo, nikajifunika kanga kichwa na uso. Nilikuwa nimevaa sweta juu ya magauni mawili, maana Busale waliniambia angani kuna baridi. Na tangu jana yake jioni sikunywa hata funda la maji, nisije nikahitaji choo nikapita mbele ya mzee.

Angani sikuona tabu. Tabu ilianza tulipotua kwenye uwanja wa njiani na injini moja ikakataa kuwaka tena. Mhudumu, mtu wa Tanga mwenye adabu, alituomba tusubiri vitini, fundi anakuja. Fundi hakuja upesi. Jua la saa sita lilikuwa juu ya lile bati, na joto lote likapanda mbele nilipokuwa. Jasho lilinitiririka hadi miguuni, kichwa kikawa kinagonga. Mhudumu akafungua mlango, akatangaza kwamba anayetaka maji na hewa aje nyuma. Abiria wakaenda. Mimi nikabaki. Alinifuata na kikombe mara mbili, nikatikisa kichwa ndani ya kanga.

Kisha jasho likakata. Nikafurahi, nikadhani joto limepungua. Kumbe ndiyo ilikuwa hatari yenyewe. Ngozi ilikauka, nikatetemeka kwa baridi, misuli ya miguu ikakaza, nikatapika nyongo kwenye kanga. Masikio yakawa yanavuma.

Kipande kinachofuata nilisimuliwa na mhudumu. Baba mkwe alimwuliza kama yule mwanamke wa mbele amekunywa. Alipoambiwa hapana, akaelewa. Akashuka ngazi akipapasa, akaenda kusimama juani mbali na ndege, ili nipate njia. Mhudumu akaniita, akasema mzee ametoka. Lakini nilikuwa nimejifunika na sikusikia neno. Mzee akasubiri. Akauliza kama nimefika mlangoni, akaambiwa bado. Akarudi, akapanda kile kilima kwa kushika kiti kimoja kimoja.

Hapo nakumbuka mwenyewe. Kanga ilitoka usoni, nikaona uso wa mzee karibu na wangu, macho yana ukungu, akiyakaza ili anione. Nikajaribu kugeuka. Akanishika kidevu.

"Tusekile, mwanangu, nitazame," alisema. "Mwiko ni heshima. Ukifa, nani ataniheshimu? Kunywa."

Nilikunywa. Aliishika shingo yangu, akaninywesha kidogo kidogo, kisha akageuka pembeni abiria mmoja mwanamke aliponivua sweta na kunimwagia maji kifuani. Nililia kwa aibu, na machozi hayakutoka.

Nililazwa siku tano katika hospitali ya mji ule. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Daktari alisema, "Ungechelewa kidogo tungekuzika." Ndege iliondoka, baba mkwe akakataa kuondoka nayo. Alikaa barazani, na kila asubuhi aliniamkia kupitia dirishani, "Ugonile?" Nami nikaitikia. Hatukuwahi kusalimiana kabla.

Tulipofika Dar es Salaam, daktari wa macho alisema macho ya mzee yalikuwa yameshaharibika tangu nyumbani.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule mtu wa Tanga, na mzee namwambia ndaga fijo, asante sana, kila siku. Nanyi mtakaosafiri, kunyweni maji, vueni sweta, na kama kuna mwiko unaokuzuia, mwambie mhudumu mapema, hata kwa kumnong'oneza. Yeye si mganga wa kujua. Jasho likikata ghafla kwenye joto, piga kelele.

Baba mkwe sasa haoni kabisa. Maji yake nampelekea mimi, mkononi. Sura yangu aliiona siku ile moja tu, midomo imekauka na matapishi kidevuni, na ndiyo aliyonayo hadi leo.