Kona ya Penalti

Mama hakujua mpira hata kidogo. Zamani redio ikianza tu kutangaza mechi, aliizima. Lakini ugonjwa wa Parkinson ulipoanza kumgandisha mumewe kila alipofika mlango wa sebuleni, nyayo zimenata sakafuni, mtangazaji alikuwa yeye. Alichomoka jikoni, mwiko mdomoni kama kipaza sauti: "Anakuja, huyooo! Kamlamba chenga beki! Ni kona ya penalti... gooooli!" Na kweli, mguu ulinyanyuka, mzee akapita! Binti yao kitinda mimba, aliyekuwa akimshika baba mkono, alishangilia mpaka majirani wakauliza nani kafunga. Uso wa mzee ulishakakamaa, haukuweza tena kutabasamu, ila mabega yalicheka. Naye, aliyekuwa refa ujanani, hakukosa kunong'ona: "Mke wangu, hakuna kona ya penalti."

"Nyamaza wewe, umeshafunga!"

Siku ya mazishi ya mzee, jeneza lilikwama mlango ule ule. Wabebaji wakavutana, huyu aseme kulia, yule kushoto. Binti akaona ngumi ya mama ikipanda hadi mdomoni, imeshika mwiko usiokuwapo. "Anakuja, huyooo!" Watu wakaduwaa. Binti akapokea kwa sauti yote aliyokuwa nayo, wajomba wakadakia, shangazi wakapiga makofi, jeneza likainuka, likapinda, likapita! "Kona ya penalti... gooooli!" Nyumba nzima ililipuka kwa shangwe na machozi. Mama peke yake alikuwa ameinamisha sikio juu ya mbao, anasubiri kusahihishwa.